Maneno ya Kwetu, kwa Mujibu wa Skip

Jumatatu, 1 Machi 2010
Machi imeingia, Skip mwenye baa katoa ubao wake. Kila mwaka ndiyo hivyo. Mpaka Sikukuu ya Mtakatifu Patriki, mlinzi wa Ayalandi, neno moja la "Kiayalandi" kila siku, kwa chaki ya kijani, ili wateja wacheke na wanywe. La leo: Kuaga kwa Kiayalandi – kutoweka kwenye sherehe bila kumuaga mtu. Baa nzima hoi kwa kicheko. Mimi, mzaliwa wa Mayo, Ayalandi kwenyewe, neno hilo nimelijulia hapa hapa Boston, jikoni kwake. Kwetu mgeni akianza kuaga unaweza kuinjika chungu kingine. Ataaga kitini, ataaga mlangoni, ataaga getini, halafu akumbuke hajauliza habari za ng'ombe. Lakini mjuzi ni Skip Hanrahan, ambaye kwao aliyetoka Ayalandi kwa meli ni babu wa babu yake. Haya.

Jumatano, 3 Machi
La leo: Pacha wa Kiayalandi – watoto wawili ndani ya mwaka mmoja. Hapo kidogo kanipata. Dada yangu Assumpta kanitangulia miezi kumi na mmoja tu. Na leo huyo pacha kapiga simu saa za kazi – nikajua. Mama yuko taabani. Daktari kasema ni suala la siku. Njoo, Dympna.

Nikasema nitaona. Akauliza nitaona nini. Anajua fika! Viza yangu ilikwisha kabla binti yangu Keelin hajazaliwa. Nikitoka nchi hii, mlango unafungwa miaka kumi. Keelin wangu ana kumi na sita, shule yake hapa, maisha yake hapa. Mama kule, mtoto huku. Viazi vimeungua, nimevitupa.

Jumamosi, 6 Machi
Jana Skip kaona macho yangu mekundu, nikamwambia mama anaumwa. Mdomo wangu huu!

Leo kapanda juu ya kreti la bia, kanyamazisha watu, kanipa tiketi ya ndege. Kwenda na kurudi. "Kurudi, dada, unasikia? Nani atatukaangia viazi?" Makofi. Mzee Lou, mteja wa kila siku, akatoa leso. Nikalia, wakadhani ni furaha. Na huyu ndiye Skip anayegonga meza kila taarifa ya habari ikianza: wasio na makaratasi wote wafungashwe warudi kwao. Mimi huwa namwongezea chumvi kwenye sahani, basi.

Jumapili, 7 Machi
Nimemwambia Skip kwamba makaratasi sina. Baa ilikuwa tupu, anashusha viti.
"Wewe? Acha utani."
"Sina utani, bosi."
"Lakini wewe ni Mwayalandi, Dympna."
"Ndiyo."
"Sasa inakuwaje?"
Nikamweleza kwamba uhamiaji wanatazama mihuri, hawatazami nywele nyekundu. Akakaa chini. Akauliza, bila kunitazama, nani mwingine anajua. Niliogopa, sitajidanganya. Miaka yote hii, na leo ndiyo nimemwogopa Skip.

Ubaoni hakuandika kitu.

Jumatatu, 8 Machi
Keelin kaamua, hakuomba ruhusa. "Mimi nimezaliwa hapa, nina pasi, mama. Nitakwenda kumuaga bibi kwa niaba yako." Nikasema bibi hajawahi kumtia machoni, ila pichani. Akasema basi, si ndiyo sababu. Shirika la ndege limekataa kubadili jina, Skip kakata tiketi nyingine bila kutaka stori. Hajanitazama bado. Ila kazi ninayo.

Alhamisi, 11 Machi
Nimemfikisha uwanja wa ndege. Nimerudi kazini.

Jumamosi, 13 Machi
Naandika nimekaa kwenye gunia la vitunguu, mafuta jikoni. Ubao umerudi! Pingu za Kiayalandi – kinywaji mkono huu, kinywaji mkono ule. Wanaume wazima wanapigana picha nao.

Assumpta kapiga. Mama alikuwa hatambui mtu tangu juzi. Keelin kaingia chumbani, koti bado mwilini, na mama kafumbua macho: Dympna, umekuja. Assumpta akataka kusahihisha, Keelin akamkanyaga mguu. Sasa mama kamshika mkono, hamwachii. Kanywa hata chai, nusu kikombe. Nimefurahi. Na nimeona wivu – mtoto wangu mwenyewe, nimemwonea wivu!

Sasa hivi umeingia ujumbe wa Keelin. Mama, bibi ananiuliza kama safari hii nitakaa. Nimjibu nini?

Nimeandika: mwambie ndiyo. Sijatuma. Nimefuta, nimeandika tena. Huko mbele wanaimba, Skip anaita sahani tatu, Dympna, sahani tatu, wapi viazi?

Simu inatetemeka tena. Mama, upo? Anangoja.