Karatasi Niliyotia Sandukuni

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Tumefika Kipungani, kijiji cha ufuoni. Nyumba ya kupanga, vyumba viwili, mchanga kila mahali hata baada ya Mama kufagia mara tatu. Baba amebandika ratiba mlangoni, kama shule! Asubuhi kusoma. Mchana kutafakari, kila mtu kimya. Jioni kutembea. Hillary ana miaka tisa, kimya chake hakifiki dakika mbili.

Baba anaiita sabato. Miezi mitatu bila kuhubiri, wazee wa kanisa wamempa asome na apumzike. Mama anasema likizo. Kule kwetu Mokowe, ng'ambo ya maji, wanasema Pasta amewekwa kando. Niliwasikia dukani, wakanyamaza nilipoingia.

Kuna jambo nataka kuandika. Si leo.

Jumatano, 6 Agosti

Siku ya maombi kanisani, na sisi hatupo. Tangu asubuhi nimesoma ukurasa mmoja. Sijui ulisema nini.

Basi niandike. Ni mimi.

Likizo ya Aprili nilimsikia Baba jikoni akimwambia Mama kwamba akifumba macho kuomba, haoni kama kuna anayemsikiliza. Mama aliendelea kumenya viazi. Tangu hapo mezani ikawa, "Hillary, tuombee chakula," na Baba macho wazi, anatazama sahani. Nilimwona kwa sababu mimi pia sikufumba.

Ningemuuliza tu. Baba hajawahi kunifokea. Lakini mimi nikiwa na neno la maana mdomo unakufa ganzi, kama nimetoka kung'olewa jino. Nikaandika karatasi ya maombi, nikaitia kwenye sanduku pale mlangoni mwa kanisa. Bila jina. Herufi kubwa, tena kwa Kiingereza, nisijulikane. Kwamba mchungaji wetu haombi tena nyumbani kwake, tafadhalini mumkumbuke.

Nilifikiri mtu ataisoma kimoyomoyo, aombe, basi. Lakini kila Jumatano karatasi zote husomwa kwa sauti — na nilijua! Nimekulia kanisa lile, ningekosaje kujua? Zikasomwa: mama mwenye presha, kijana anayetafuta kazi, halafu baba yangu. Benchi zikaacha hata kulia. Baba aliketi mbele, amenipa mgongo. Nilitazama kola yake mpaka mwisho wa ibada.

Wazee wakakaa vikao vitatu. Ndiyo hii sabato.

Na kuna baya zaidi. Kanisani mzee mmoja tu huandika mambo yake kwa Kiingereza: Mwalimu Rufus. Rafiki wa Baba tangu tuhamie huku kutoka Bomet. Alinifundisha darasa la saba. Kila Ijumaa walikuwa wanacheza drafti barazani kwetu na kutukanana kwa furaha. Baba ameamua ni yeye. Hajamsemesha tangu Mei.

Mimi nimekaa nalo.

Jumamosi, 9 Agosti

Matembezi makubwa — Siyu, mji wa kale kisiwa cha pili! Bwana Abdulkadir alitupeleka kwa boti yake, safari ndefu, Hillary akatapika mara mbili na akaomba ihesabiwe. Maji yalikuwa yamekupwa, boti haikufika. Tukashuka kwenye matope, viatu mkononi, kisha njia ya miguu katikati ya minazi. Baba akateleza, akakaa chini, pwaa! Halafu akacheka. Akacheka mpaka akafuta machozi. Sijamsikia hivyo mwaka huu.

Nikasema moyoni, sasa. Mwambie sasa, yuko hivi.

Nikampa mkono ainuke. Nikasema, "Pole Baba." Hilo tu.

Njiani mzee mmoja wa pale alimuuliza kazi yake. Baba akasema, "Nilikuwa mchungaji." Mama alimtazama. Nilikuwa!

Jumapili, 10 Agosti

Ibada ya wanne, sebuleni. Mama amesema mimi niombe. Nimesema asante kwa bahari. Asante kwa chakula. Amina. Aibu tupu.

Jumanne, 12 Agosti

Simu ya Baba imeita mara tano. Mwalimu Rufus. Baba ameilaza kifudifudi juu ya kitabu chake, ikawa inatetemeka.

"Baba Cherono, si uchukue tu," Mama kasema.

"Aseme nini? Alishasema mbele ya kanisa zima."

"Una hakika ni yeye?"

"Nani mwingine pale anaweza kuandika Kiingereza kile bila kosa?"

Nilikuwa nimeketi pale pale. Kidato cha tatu, nambari moja kwa Kiingereza. Hajaniwazia hata kidogo. Nafikiri hilo limeniuma kuliko yote, na sina haki ya kuumia.

Alhamisi, 14 Agosti

Saa tano kasoro. Naandika haraka.

Mwalimu Rufus amekuja. Saa tatu, kwa boti ya Bwana Abdulkadir, suruali imelowa mpaka magotini, mkononi mkate na ndizi. Tulikuwa kwenye saa ya kusoma. Akasimama nje, "Hodi, Pasta!" Baba hakuinua macho. "Pasta, nimekuja maji yakijaa, nitarudi yakitoka, nipe dakika kumi." Baba akafunua ukurasa. Mama akainuka, Baba akasema, "Ketini. Ratiba." Mama akaketi! Wueh.

Basi Mwalimu amesimama pale juani, na mkate wake. Aliyemnusuru ni jirani, Bi Huwaida, alikuwa barazani kwake anasuka mkeka. Akamwita kwa sauti, kwa lafudhi ya huku, makusudi, tusikie sote: "Ndoo ukae hapa kwangu, mwalimu. Mgeni hawekwi yuani, hata kama ni mwizi." Akamtilia chai. Baba alisikia kila neno, lakini hakutoka.

Mama akanitupia jicho. Nikachukua maji, nikampelekea Mwalimu.

Mwalimu akasema amekuja kumwambia Baba jambo moja. Jumamosi anaacha uzee wa kanisa. Kule kanisani nako wanasema ndiye aliyemchongea mchungaji, hawamsalimii. Nikamuuliza kwa nini hakatai. Kwa nini hasemi si yeye.

Akasema, polepole, Bi Huwaida asisikie, "Cherono, karatasi ile niliishika mkononi. Mwandiko ule niliusahihisha mwaka mzima."

Anajua. Amejua tangu Aprili!

"Si langu kusema," akasema. "Nilidhani utasema wewe." Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Kisha akasema kwenye vikao wengine walitaka Baba afukuzwe, yeye ndiye aliyeomba apewe mapumziko.

Bi Huwaida akaniuliza mbona nalia. Nikasema moshi. Hakuna moshi.

Nikarudi. Baba kitabuni. Nikasimama mbele yake, mdomo ganzi ile ile, nikasema, "Baba, si Mwalimu Rufus aliyeandika."

"Umejuaje?"

"Najua."

"Nani basi?"

Neno lilikuwa moja. Mimi. Herufi nne. Nikasema, "Kamuulize."

Kamuulize! Nimemtwika Mwalimu tena, mzigo ule ule, na viatu vyake vimelowa kwa ajili yetu.

Baba amefunga kitabu. Ametoka bila viatu. Bwana Abdulkadir anapiga kelele huko ufuoni, maji yanatoka, mwalimu, tutalala hapa! Mwalimu alikuwa tayari amefika kwenye boti. Baba amemshika mkono.

Naandikia dirishani. Nawaona. Siwasikii. Baba anasema, kichwa kimeinama, anasema kwa muda mrefu. Mwalimu amempiga bega. Nimefikiri imekwisha, Mungu asante.

Sasa Baba anauliza. Najua anauliza, ameinua mikono vile. Mwalimu anatikisa kichwa. Baba anauliza tena. Mwalimu anatikisa kichwa tena, lakini macho yake yamemponyoka, yamekuja huku dirishani, mara moja tu, akayarudisha.

Baba ameyaona. Anageuka.