Ulipoulizwa Kwenu ni Wapi

Mwende mjukuu wangu,

Hapa Langley Park, Marekani, tu wazima, mama yako yuko kazini. Unavaa soksi huko Ujerumani shule ilikokupeleka?

Unasema wenzako ni Wajerumani na pia watu wa Ulaya, lakini walipokuuliza kama wewe ni Mkenya au Mmarekani, ulishindwa kuchagua moja.

Nikiwa msichana, kwaya yetu ya Machakos ilienda Kisumu, nikalala kwa mama mmoja Mjaluo. Siku moja nikamwambia mwenzangu, "Twende kwetu tukale." Yule mama akasikia.

"Kwetu gani, Mkamba wewe?"

Nikaona haya.

"Kama ni kwenu, shika ndoo ukachote maji. Mgeni hatumwi."

Nikachota nikifurahi, na nikarudi Machakos Mkamba yule yule.

Wakikuuliza tena, taja Kenya na Marekani. Na hapo unapolala, osha vyombo.

Nyanya yako