Somo la Mbuzi Mmoja

Dada Chelangat,

Ndugu yako aliyeishia darasa la saba sasa ni profesa, usicheke! Hapa Brooklyn Park, Marekani, nimewabunia somo watoto sita wa sekondari wanaosomea nyumbani: mbuzi mmoja, na ndani yake bayolojia, hesabu na mila zetu.

Unajua binti yangu Chepkemoi, mmoja wao, aliacha shule kwa kudhihakiwa, akanyamaza miezi minne. Jumamosi, tukipasua mbuzi, nilikuwa nikijigamba kuhusu utumbo alipouliza, "Baba, shangazi hupewa kipande gani?"

Nikaacha hotuba, nikamwonyesha, akakikata mwenyewe huku akinitania: "Kisu hiki ni butu kama mwalimu wetu!"

Nimepumua, dada. Kipande chako kiko kwenye friza, na jina lako ameliandika yeye.

Profesa wako,
Kibet