Gari Linachemka Mama Akipanda

Mshauri wetu mpendwa, nisaidie, kwa maana kila ninalofanya linamuumiza mtu ninayempenda, na hapa Karungu, kando ya ziwa, nikimwambia mtu habari zitafika sokoni kabla yangu. Mume wangu Nicanor ana pikapu kuukuu ya kupeleka samaki wakavu Migori siku ya soko, nami huenda naye kuuza, na tangu mama yangu apate kidonda cha mguu tunambeba ili afungwe dawa hospitalini hukohuko, na kwa kuwa kwetu Wajaluo mama mkwe hakai bega kwa bega na mkwewe, mama hukaa nyuma kwenye mkeka, na Nicanor, ambaye ana heshima kupita kiasi, hawezi kuona mama yangu amebanana na vikapu vya samaki, basi huvifunga kwa kamba mbele ya gari juu ya bampa. Ajabu ni kwamba kila tukimbeba mama gari linachemka mlimani, mvuke unafuka, tunasimama kando ya barabara watu wakitutazama, lakini tukienda peke yetu, samaki wakiwa nyuma, halichemki kamwe, na hata jioni tukirudi na mama, samaki wameisha na vikapu vitupu vimepangwa nyuma, tunafika salama tukiimba. Jirani yetu Filister anasema hiyo ni chira, mkosi wa kuvunja miiko ya ukwe, na mama aliposikia akachukua bakora yake akaniambia, "Nyathina, mwanangu, gari ya mkwe imenikataa. Mimi sipandi tena." Tangu hapo hajaenda hospitali, kidonda kimeanza kunuka, Nicanor hali vizuri na anataka kuuza gari, nami nalia jikoni. Nimlazimishe mama, au nimwache mume auze riziki yetu?

Phelesia, Karungu

Phelesia, pole sana kwa mguu wa mama. Nimesoma barua yako mara mbili na imeniuma. Lakini lazima nikugombeze: jibu umeliandika mwenyewe, ukalipita bila hata kulisalimu. Jioni mama yumo garini na gari halichemki. Chira gani hiyo ya kufanya kazi asubuhi na kupumzika jioni? Jioni kinachokosekana mbele ya gari ni vikapu.

Mimi nimeishi na lori miaka mingi, na mwenye lori pia, kwa hiyo nisikilize. Maji huzunguka ndani ya injini yakibeba joto, kisha huja mbele kwenye rejeta yapozwe na upepo, halafu hurudi kazini. Nyinyi mmeufungia upepo mlango kwa samaki. Injini itapumua wapi, tena mlimani? Na wateja wenu wa Migori mnawalisha vumbi la barabara!

Mwambie Nicanor asiuze kitu. Vikapu virudi nyuma upande mmoja, vitengwe na mama kwa turubai. Asafishe matope na magamba yaliyonasa kwenye rejeta, aangalie mipira ya maji kama imepasuka na mkanda wa feni kama umelegea, na maji atie asubuhi injini ikiwa baridi, maji safi, si ya ziwani yenye tope. Gari likichemka asiguse kifuniko mpaka lipoe kabisa, la sivyo tutakuwa na wagonjwa wawili. Filister msalimie, mwambie ufundi wa magari auache.

Sasa mama. Usimlazimishe. Keti naye umweleze kwa nini vikapu vilihamishwa: mkwewe hakutaka alale kwenye harufu ya samaki. Gari lilichemka kwa sababu ya heshima aliyopewa, na yeye anakaa nyumbani akidhani amekataliwa. Hilo ndilo linalonisikitisha kuliko kidonda. Akiendelea kusita, Nicanor asimame mbali kama desturi inavyotaka, amwombe kwa kinywa chake mwenyewe. Kidonda kinachonuka hakingoji siku ya soko. Mpelekeni kesho.