Haikuwa Mikono Yako, Mama

Frere Town, Kisauni

Kwa mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Mgongo wako waendeleaje, na yale mahindi ya upande wa kisima yameanza kubeba? Huku tuko salama, na mjukuu wako anakusalimu kwa kupiga chafya. Nimeandika kwa sababu simu zangu hupokei, na najua ni kwa nini. Mwalimu Erastus akusomee polepole, na ukianza kulia akungojee.

Mama, nimetoka hospitalini. Kidonda cha upasuaji wa uzazi kimefunga, sasa naweza kuinama nikamwogesha mtoto mwenyewe.

Siku ile ulipoondoka hapa kurudi Kaloleni nilikuwa na homa, sikuweza kukutetea. Nilimsikia mama mkwe akisema mbele ya wageni kwamba kidonda kimeoza kwa mikono yako, kwa kuwa ulifungua vile vidonge vya rangi mbili ukaninyunyizia unga wake. Ulikunja leso zako ukaenda.

Basi nikarudishwa wodini. Dawa nilizochomwa hazikufaa kitu, usaha ukazidi, nikawekwa chumba cha peke yangu. Mtoto nikawa naonyeshwa dirishani, kabebwa na mama mkwe. Daktari akachukua usaha ukapimwe. Akatuambia ni kijidudu cha humo humo hospitalini, kimekutana na dawa nyingi mpaka zimekishindwa. Kina mama wawili niliojifungua nao wodi moja walikuwa nacho vilevile, na hao mikono yako hawaijui. Kilituingia kule kule mama, kabla hujanigusa. Ilibaki dawa moja ya mshipa ya kujaribu. Niliomba sana, na hiyo ikakiweza.

Daktari hakunificha kwamba ule unga haukusaidia, na kwamba dawa ikitumiwa ovyo ndivyo vijidudu vinavyoizoea. Kwa hivyo vidonge vilivyobaki usimpe mtu, hata kuku.

Sasa neno nililokuwekea. Mama mkwe alikuwepo daktari akisema hayo yote. Na tangu turudi, mgeni hamgusi mtoto kabla ya kunawa kwa sabuni, hata mchungaji alinawishwa. Jumapili ukoo ukaja kumpa mtoto jina. Unajua desturi, binti wa kwanza ni wa upande wa baba yake, na mama mkwe alikuwa akilingoja jina lake litajwe. Akasimama yeye mwenyewe, akasema, "Nilimwonea mwenzangu mbele ya watu, nami namrudishia heshima yake mbele ya watu. Mtoto huyu ni Kaviha."

Jina lako, mama. Garama mume wangu alitazama chini, nikajua analia.

Njoo basi. Ndoo na sabuni viko mlangoni, tunanawa sote, usione haya. Kila mtu hapa ameshampakata Kaviha, isipokuwa Kaviha mwenyewe.

Mfikishie baba shikamoo yangu, na majirani wote uwaambie nimepona.

Ni mimi mwanao anayekungoja,
Florence