Mivule Sita ya Nyanya Masika

Mke wangu mpenzi, Mama Kemunto,

Nakuamkia kutoka huku magharibi mwa Uganda, karibu kabisa na mpaka wa Kongo. Mko aje hapo Ikonge? Mgongo wa mama umetulia? Na wewe, bado unachuma majani ya chai na ile homa, ama ulinisikia ukapumzika? Kiswahili ulichotoka nacho kwenu Machakos ukanifundisha kinanisaidia sana, maana huku ndicho tunachosikizana nacho. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo imejaa kinyaa, mpenzi, mpaka chakula hakipiti, na leo sikufichi kitu.

Unajua kazi iliyonileta: kuzunguka mashamba ya kakao na simu ya kampuni, nikibonyeza kila kona ya shamba ichorwe kwenye ramani, ili wale wanaokula chokoleti huko Ulaya wajue hakuna msitu uliokatwa kwa ajili yao. Nilikuambia ni kazi safi. Nilijigamba hata. Kumbe!

Kuna mjane mmoja hapa, Nyanya Masika. Ndiye aliyenipa mahali pa kukausha nguo siku yangu ya kwanza, nikiwa nimeloa chapachapa, hajui hata jina langu. Kakao yake ilikuwa chini ya mivule sita mikubwa aliyoachiwa na marehemu mumewe. Hapo chini kulikuwa na baridi nzuri, ndege wanapiga kelele, maganda ya kakao yamenona. Nikapima shamba, nikatuma. Kompyuta ya ofisini ikakataa. Picha ya setilaiti iliona majani ya mivule tu, ikasema hapo ni msitu, si shamba.

Msimamizi wetu, kijana wa tai na viatu vya kung'aa, ambaye sijawahi kumwona akikanyaga tope, akaniambia, "Mwambie aondoe hiyo miti. Picha mpya ikija itakubali."

Na mimi, mtoto wa chai, nikaona hayo ni maneno ya akili! Si unajua kwetu: shamba la chai likiwa na miti katikati, watu wanasema mwenyewe ni mvivu. Mzee wangu aliwahi kunichapa kwa sababu ya mpera mmoja nilioacha umee kati ya mistari. Kwangu mimi shamba zuri ni lile lililonyooka kama meza. Basi nikaenda kwa miguu yangu mwenyewe, hakuna aliyenisukuma, nikamwambia Nyanya, "Ukikata hii miti, watanunua."

Akaitazama. Akaniuliza, "Una hakika, mwanangu?"

Nikasema ndiyo. Mama Kemunto, nilisema ndiyo!

Alikata yote sita. Kakao haiwezi jua kali, na hilo sikulijua. Majani yakaungua, maganda machanga yakawa meusi yakakauka mtini. Halafu picha mpya ikaja. Unajua ilisema nini? Msitu umekatwa. Sasa Nyanya Masika, mtu aliyetunza miti maisha yake yote, ndiye mharibifu wa misitu!

Na wakati huohuo kuna tajiri hapa ambaye ameingia ndani ya msitu wenyewe, ule wa serikali, na misumeno ya injini, akapanda kakao mpaka juu mlimani. Mzigo wake unapita. Anauza kwa namba ambazo kompyuta iliyapa mashamba madogo niliyoyapima mimi, kana kwamba kakao ilitoka huko. Nimeona kwa macho yangu pale stoo: namba ya shamba la mwalimu mmoja, shamba la kuzunguka kabla hujamaliza kula ndizi, imeandikwa kwenye magunia ya kujaza lori. Nilipomuuliza msimamizi, alicheka, akanifungulia soda. Soda! Niliimwaga hapo hapo kwenye majani. Watu hawa hawana haya hata kidogo. Ukiona pakiti ya chokoleti iliyochorwa mti mzuri wa kijani, usimpe mtoto wangu.

Jumatano msimamizi akaniletea fomu niweke sahihi, kwamba Nyanya alifundishwa, akaonywa, akakata kwa kupenda kwake. Nikiweka sahihi, anafutwa kwenye orodha, na kampuni haitagusa kakao yake tena. Nisipoweka, kazi yangu imekwisha. Nilikaa na hiyo kalamu nikimfikiria Kemunto anayejifunza ushonaji pale Nyanchwa, na wewe na lile paa linalovuja. Halafu nikaandika kwa herufi kubwa: MIMI NDIYE NILIYEMWAMBIA AKATE, NA NILITUMWA NA MSIMAMIZI. Akaisoma, akaichana mbele yangu. Mwenzangu tunayelala naye chumba kimoja akajaza nyingine akaweka sahihi yake kabla ya chakula cha mchana, kisha akala vizuri, akaongeza.

Basi nimepigwa kalamu. Najua utaudhika, na una haki. Nigombeze nikifika, nitanyamaza.

Nisalimie mama, umwambie asibebe maji. Msalimie kaka yangu mkubwa anayetupelekea majani kituoni, na shemeji wa Suneka, yule wa ndizi. Kemunto mwambie baba yake anampenda. Wakiuliza kwa nini narudi, usiwafiche, wasomee hii yote.

Gari ni kesho mchana. Jana nilipita kwa Nyanya nikakuta hata hajui kama amefutwa, hakuna aliyejisumbua kumwambia. Alinishika mkono akanizungusha shambani, kwenye jua, kati ya visiki. Alikuwa amefagia kila mahali, hata jani moja hukuti chini. Akaniuliza, "Mwanangu, ile picha nyingine watapiga lini? Mimi niko tayari."

Nikasema nitauliza. Woga gani huo! Kesho asubuhi, kabla sijapanda gari, nitarudi nimwambie hakuna picha nyingine, na kwamba aliyemponza ni mimi.

Mumeo anayerudi mikono mitupu,
Baba Kemunto