Watoto Watano

Jumanne, 29 Aprili

Mzee kaja saa nne kasoro dakika tano. Shikamoo, marahaba, kofia juu ya goti. Kikao cha thelathini na tisa. Chumba bado kinanuka dawa, kilikuwa stoo ya kituo cha afya kabla sijakiomba. Viti viwili, saa ya ukutani, dirisha. Mlima haukuonekana leo, mawingu mpaka chini.

Kaongea mahindi. Kaongea upepo. Halafu koo. Chakula hakipiti. Ugali unafika hapa, anaonyesha kwa kidole, unasimama. Alianza kukonda mwaka jana baada ya kumzika mke wake. Hospitali ya mkoa wamempiga picha mara mbili, hawakuona kitu. Ndiyo maana daktari wetu alimleta kwangu, nesi anayesomea tiba ya mazungumzo. Mwaka wa tatu sasa na watu bado wanaita ushauri nasaha. Simshauri mtu chochote. Nakaa, nasikiliza, nangoja kile ambacho mtu anakisema bila kujua kwamba anakisema.

Naiweza kazi hii. Naandika hapa kwa sababu hakuna wa kusoma. Naiweza.

Dakika hamsini zilipoisha nikamwambia muda umekwisha. Miezi ya mwanzo nilitetemeka kumwambia hivyo mtu wa umri wa baba yangu. Sasa sitetemeki. Akavaa kofia. "Haya sista." Kwake manesi wote ni masista.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu, lakini Dokta Zuhura hana sikukuu. Ndiye msimamizi wangu, yuko Arusha, kila Alhamisi namsomea kwa simu ya video nilichoandika baada ya kikao. Mtandao ulikatika mara tatu.

Akasema kuna mtu hayupo kwenye maneno ya Mzee. Nikasema mkewe. Akasema mkewe yupo kila sentensi. Nikamwambia nitamtafuta huyo asiyekuwepo.

"Usitafute," akasema. "Ngoja."

Kanuni ya masomo yetu ni kukaa na mgonjwa mmoja miezi kumi na nane mfululizo. Akiondoka katikati, unaanza upya na mwingine. Nakaribia kumi. Sina wasiwasi. Hajawahi kukosa hata wiki moja.

Jumapili, 4 Mei

Nimeenda kijijini Balangdalalu kwa Mama. Baada ya misa tukapura maharage. Mama akipura anaongea, hawezi kimoja bila kingine.

Akaanza habari ya msiba mmoja wa kijiji cha Getanuwas, mwaka jana. Marehemu alikuwa na watoto watano, wanaume wanne na binti mmoja. Binti kaolewa na Mwislamu, familia ya wenye maduka hapa mjini Katesh, akabadili dini. Siku ya kumzika mama yake alikuja. Baba yake akamkatalia. Hata udongo hakutupa kaburini.

Mama akataja ukoo. Akataja shamba lilipo. Mikono yangu ikasimama.

Ni yeye. Mzee wangu. Mama hajui kama anakuja kwangu, wala hatajua. Miezi kumi mtu huyu ananiambia "watoto wangu wanne". Wanne walibeba jeneza. Wanne wanamjengea mama yao kaburi. Wanne.

Najua, inabidi nimweleze Dokta. Lakini nina kifua. Nitakaa nayo mpaka Mzee aseme mwenyewe. Si kazi kubwa.

Jumanne, 6 Mei

Kikao cha arobaini. Kasema "watoto wangu wanne" mara mbili. Nilihesabu. Nilikaa vizuri, uso haukubadilika. Kama kumwangalia mtu aliyejificha nyuma ya pazia na miguu iko nje.

Hasira kidogo. Kidogo tu.

Alhamisi, 8 Mei

Dokta Zuhura akauliza kama kuna jipya. Nikasema hakuna.

Jumanne, 13 Mei

Nimeharibu.

Alikuwa anaeleza mazishi. Kwa mara ya kwanza anayaeleza kwa mpangilio: padri alisema nini, nani alisimama wapi, jua lilikuwa kali kiasi gani. Sauti ilikuwa inalainika. Nilihisi tunakaribia. Akasema, "Kisha tukatupa udongo."

Nikasema, "Wewe na watoto wako watano."

Nilisikia neno likitoka. Siwezi kusema sikulisikia.

Kofia ikaanguka. Hakuiokota.

"Nani kakuambia watano?"

Ningeweza kusema nimekosea hesabu. Nilifikiria kusema hivyo, na nashukuru sikusema.

"Nakuuliza, nani kakuambia watano?"

"Nimesikia nje ya chumba hiki," nikasema.

Akainuka. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na dakika ishirini na sita. Akainama, akachukua kofia yake, akatoka bila kuaga. Mlango hakuubamiza. Angeubamiza ningejisikia nafuu.

Jumatano, 14 Mei

Sisi wanafunzi nasi ni wagonjwa, lazima kila mmoja awe na mtaalamu wake. Wangu ni mama mmoja mpole, kwa simu, kila Jumatano.

Nilianza na Mzee. Dakika kumi baadaye nilikuwa naongea juu ya Baba. Nilipoacha utawa nikiwa na miaka ishirini na minne, Baba hakunisemesha miaka mitatu. Nikimwamkia anaitika kwa kichwa. Nikimpa chai anaipokea. Neno, hapana. Alikuja kunisemesha akiwa kitandani anaumwa, akaniomba maji. Miezi miwili baadaye akafa.

Mtaalamu akauliza, jana chumbani nani alisema "watano".

Nililia. Nachukia kulia kwenye simu, wanasikia unapenga kamasi.

Sikuteleza ulimi. Nilimfokea baba wa mtu mwingine.

Alhamisi, 15 Mei

Nimemweleza Dokta Zuhura yote, pamoja na ile Alhamisi niliyosema hakuna jipya. Aliondoa miwani.

"Umemnyang'anya kitu chake," akasema. "Alikuwa anakileta polepole, kwa mikono yake. Wewe umekipokonya njiani."

Sikujitetea.

Kisha akauliza Mzee huwa ananiita nani. Nikasema sista. Akauliza kama amewahi kuniita binti yangu. Wazee wote wa huku huniita binti yangu, hata kwenye foleni ya dawa. Nikafikiri. Hajawahi. Vikao arobaini na kimoja, hata mara moja. Lilikuwa mbele ya pua yangu na sikuliona, kwa sababu nilikuwa nahesabu wanne.

Nikauliza, akiacha kuja, miezi kumi imepotea?

"Kwa masomo yako, ndiyo," akasema. "Ila kwanza jiulize kama imepotea kwake."

Jumanne, 20 Mei

Hakuja.

Kanuni ni kwamba muda ni wake hata asipokuja. Nilikaa dakika zote hamsini mbele ya kiti kitupu. Mhudumu akachungulia akidhani chumba hakina mtu, akaomba radhi, akaondoka akinishangaa. Sikusoma kitu wala kugusa simu.

Nilichogundua: nimemkosa yeye. Si ile miezi. Yeye, na habari zake za upepo.

Alhamisi, 22 Mei

Nilitaka kwenda Getanuwas. Dokta Zuhura akakataa kabisa. Nikitokea nyumbani kwake, kijiji kizima kitauliza nesi anafuata nini. Ujumbe mmoja tu, mfupi, usioomba kitu.

Niliandika nikafuta mara sita. Nilichotuma: "Shikamoo Mzee. Jumanne saa nne nafasi yako ipo."

Hajajibu.

Jumamosi, 24 Mei

Nimemwona sokoni. Alikuwa anachagua kamba, hatua kumi kutoka nilipokuwa. Akaniona. Akageuza uso kwenye kamba.

Tulikubaliana siku ya kwanza kwamba nje ya chumba yeye ndiye anaanza, asiposalimia nami nitapita. Ni kumlinda. Lakini kumpita mzee bila shikamoo! Miguu haikutaka. Nilipita. Mama muuza nyanya anayenijua tangu shule akaona, akaguna. Kesho kutwa Mama atakuwa amesikia kwamba masomo yamenipa kiburi.

Acha asikie. Nilifanya sahihi. Leo nina hakika zaidi ya siku ile nilipomtazama kama mtu wa nyuma ya pazia.

Jumanne, 27 Mei

Kaja. Saa nne kamili.

Shikamoo. Hakuitikia. Akakaa na kofia kichwani.

"Ulisikia kwa nani?"

Nilikuwa nimejiandaa wiki mbili. "Mtu aliyekuwa anasimulia msiba. Hajui kama unakuja hapa na mimi sikumwambia. Sikuuliza. Ila niliposikia nilikaa kimya, na Jumanne iliyofuata nikakutazama huku najua. Hilo lilikuwa kosa langu, naomba radhi."

"Lini ulisikia?"

"Tarehe nne."

Akahesabu kwa vidole. "Basi siku tisa umekaa na habari yangu mdomoni."

"Ndiyo."

Alikasirika. Hakupiga kelele, watu wetu wa huku hatupigi kelele, lakini alisema kila neno kivyake. Kwamba alidhani Katesh nzima kuna chumba kimoja ambamo hakuna anayemjua. Kwamba yeye si kipindi cha redio. Kwamba mimi ni mtoto mdogo. Nilisikiliza. Sikuomba radhi mara ya pili. Ningeomba, yeye ndiye angelazimika kunituliza.

Mwisho akasema, "Sasa unajua. Haya, uliza."

"Siulizi," nikasema. "Nilichosikia ni cha aliyesema. Chako sijakisikia."

Alinitazama sana. Akavua kofia.

Jumanne, 3 Juni

Nitaandika kama alivyosema, bila kupamba.

Asubuhi ya mazishi wanawake walimwekea ugali na maziwa ya mgando, hakuwa amekula siku mbili. Akiwa anakula, mtoto wake mkubwa akaingia. Akasema huyu yuko getini, amekuja na shuka ya kumfunika mama. Baba, aingie, asiingie?

"Nilikuwa na tonge mdomoni," Mzee akasema. "Sikukataa. Sikukubali. Nilitafuna."

Aliendelea kutafuna mpaka kijana akachukulia hilo ndilo jibu, akatoka. Akasikia geti likifungwa. Tonge bado lipo mdomoni.

Kisha akalia. Mzee wa Getanuwas, mikono juu ya magoti, machozi yanashuka tu. Sikumpa kitambaa. Sikusema pole. Nilikaa naye. Ni jambo gumu kuliko yote niliyofundishwa na leo lilikuwa jepesi.

Kwa hiyo hakumkatalia, tofauti na nilivyosimuliwa. Siku tisa nilimbebea hasira mtu kwa neno ambalo hakulisema. Labda kutolisema ndiko kubaya zaidi. Sijui, na si kazi yangu kuamua.

Alipoondoka nilifungua dirisha. Upepo wa Juni umeanza, baridi mpaka kwenye meno.

Alhamisi, 5 Juni

Nilimsomea Dokta Zuhura.

Akauliza najisikiaje. Nikasema nimekosea vibaya na bado naiweza kazi hii. Akasema yote mawili yaandikwe kwenye ripoti.

Jumanne, 10 Juni

Kikao cha arobaini na nne.

Bado anakula kwa shida. Juzi alimaliza bakuli la uji, jana hakumaliza. Sijamponya. Hasemi kama atampigia binti simu wala mimi siulizi. Wale wanne hawajui anachokileta hapa.

Ila kanieleza jambo. Kila Jumanne akishuka kwenye gari hupita barabara ya maduka, upande wa pili. Miezi yote hii. Kuna duka la vitambaa, la wakwe wa binti yake. Hupita haraka, halafu anakuja kwangu. Leo alisimama. Binti alikuwa anampimia mteja kitenge, mkono mmoja umenyooka. Hakuinua macho. Amenenepa, Mzee akasema, na akatabasamu kidogo.

Kisha akalitaja jina lake. Mara moja, kwa sauti ya chini.

Siliandiki hapa. Daftari ni langu, jina ni lao.

Zilibaki dakika kumi na moja. Tulikaa mpaka zikaisha. Nje mtu alikuwa anafagia kibaraza.